Kuinuka Peke Yako

Kuku walikuwa bado mtini Kavata alipoketi uani, mtungi wa mchanga mgongoni na mukwa, ule ukanda wa kubebea mizigo, umemkaza kwenye kipaji cha uso. Akakunja miguu, akainama mbele, akainuka. Akaketi. Akainuka tena, akayumba, akautukana mtungi.

"Mwaitu, mama yangu, utafika kwa karani umechoka," alisema Nzilani, mke wa mwanawe, akikoroga uji mwepesi.

"Na nikilala, nani ataniinua? Umesahau vile ulikuwa unanishika mkono mpaka choo?"

"Nisahau aje? Ulikuwa mzito!"

Wakacheka mpaka uji ukataka kumwagika.

Mwaka uliopita Kavata aliteleza mtoni akavunjika mguu. Hospitali ilimrudisha na mkongojo na amri ya kupumzika, naye akapumzika mpaka mapaja yakaisha. Siku aliposhindwa kutoka kwenye kigoda chake mwenyewe alilia, kisha akakasirika, na hasira ndiyo iliyomponya. Alianza na mtungi mtupu, akaongeza mchanga konzi kwa konzi. Majirani walidhani ugonjwa umempanda kichwani. Sasa alipanda mlima na maji mgongoni bila kupumzika, na kila miguu ilipomtii alifurahi kama msichana.

Leo ndiyo ilikuwa siku ya kuitumia. Mvua ya mwaka huo wa 1984 ilikuwa imekataa, na mahindi ya njano ya msaada yalitolewa kwa wachimbaji wa mitaro ya kuzuia mmomonyoko mlimani tu. Asiyepewa jembe na karani hakula.

Pale Kanyangi, karani Mutunga alikuwa ameketi juu ya gunia la mahindi hayo. Hakuinuka hata kusalimia wazee.

"Wamama wazee, sikieni," alisema. "DO, mkuu wa tarafa, anakuja Ijumaa kuona mitaro. Mimi nataka watu wa nguvu. Kila mtu abebe hii gunia ya mchanga, ainuke peke yake. Akishindwa, aende nyumbani."

"Nianze mimi," alisema Kavata.

Akaketi, akavaa mukwa, akainuka. Kwa maringo tu akamzunguka karani na mzigo wake, akamuuliza habari za nyumbani. Wanawake wakapiga vigelegele. Mutunga akampa jembe bila kumtazama, na Kavata akalikumbatia, roho imejaa.

Kisha akaja Ndila, rafiki yake tangu usichana. Akavaa mukwa, mishipa ya shingo ikamtoka, akaanguka kwa magoti. Akatabasamu kwa aibu. Kavata alijua sababu. Mazoezi yanataka mtu aliyekula, na Ndila alikuwa akiwapa wajukuu sahani yake.

"Nyumbani," alisema Mutunga.

Kavata akaweka jembe chini, akapita nyuma ya Ndila, akatia mikono chini ya gunia.

"Mama, ukimgusa, hata wewe umetoka."

Kavata aliogopa kweli. Akilini alimwona Nzilani akikoroga maji matupu. Lakini mikono haikutoka.

"Mutunga mwana wa Nzuki, siku ulizaliwa, mama yako aliachwa peke yake? Mimi ndiye nilimshika mgongo. Ndila, inuka!"

Ndila akainuka. Mwanamke mmoja kijana, aliyekwisha kupewa jembe, akacheka, akalitupa, akaenda kumshika mzee aliyefuata. Mwingine akaanza wimbo wa mwethya, ule wanaoimba wakilimiana mashamba, na wote wakaingia. Wazee wakainuliwa mmoja baada ya mwingine, mizigo na vicheko juu. Mutunga akapiga kelele kwamba wote wameanguka mtihani. Halafu akautazama mlima usio na mtaro hata mmoja uliokamilika, akaikumbuka Ijumaa.

"Basi chukueni majembe," alisema, lakini walikuwa wameshayachukua.

Walichimba kutwa nzima wakiimba. Jioni Mutunga aliwapimia wazee nusu kopo ya mahindi kila mmoja badala ya kopo zima, Kavata pia, ati kwa sababu ya kusaidiana. Ndila akaifunga yake kwenye pindo la leso.

"Utanifundisha hiyo kuinuka yako?" akauliza.

"Nitakufundisha," alisema Kavata. "Lakini hiyo mahindi tunaipika kwangu, na utakula wewe. Nitakaa hapo nikuone ukimeza."