Mali ya Adrian

Adrian Margwe alimnyima baba yake macho kwa miaka miwili, na kila alipomnyima alimnyima kwa adabu. "Baba, mwezi huu hali ni ngumu. Msimu wa wageni ukichanganya tutaona." Msimu ukachanganya, ukapita, mzee akabaki anapapasa ukuta kwenda msalani.

Tusidanganyane, pesa alikuwa nayo. Adrian alikuwa dereva wa watalii hapo Karatu, mtu wa kushuka kreta mara tatu kwa wiki, na bakshishi ya safari moja nzuri ingetosha kumpeleka mzee hospitali akatolewe mtoto wa jicho, jicho la kwanza na la pili. Lakini alishapiga hesabu zake. Mzee anayeona husoma karatasi kabla ya kuweka sahihi. Mzee asiyeona huweka dole gumba pale anapoonyeshwa na mwanawe. Na Adrian alikuwa na karatasi yake tayari, imepigwa chapa, iko ndani ya bahasha chini ya godoro.

Karatasi yenyewe ilimhusu Chura.

Chura lilikuwa gari. Baba yake, Bartolomeo, alikuwa fundi wa magari kwenye shamba la kahawa la mzungu mmoja huko Oldeani, na mzungu yule alipofunga virago mwaka sabini na mbili alimwachia fundi wake barua na gari la viti viwili, rangi ya haradali, limeinama chini kiasi kwamba mbuzi angeweza kuliruka. Barabara za Oldeani mnazijua. Gari lile lilitoka mara nne, likakwama mara nne, Bartolomeo akarudisha namba za usajili serikalini na kulifunika turubai kwenye banda nyuma ya nyumba. Watoto wakalibandika jina la Chura. Kila Jumamosi mzee alifunua turubai, akatia mafuta kwenye bawaba, akaketi ndani robo saa, akafunika. Miaka thelathini hiyo. Adrian alikua akimwonea aibu.

Aibu ilimtoka mwaka tisini na tisa, ndani ya kreta, kando ya bwawa la viboko. Wageni walikuwa wanakula chakula cha mchana. Mmoja wao, Mswisi aitwaye Ursi, mtu aliyefanya kazi Nairobi miaka mingi na kukijua Kiswahili vizuri tu, alikuwa anapekua jarida la magari ya zamani. Adrian akainama kummiminia chai, akamwona Chura amekaa kwenye ukurasa mzima, anang'aa.

"Hili gari gani?" akauliza.

"Hili? Hili ni wazimu wetu," Ursi akasema. "Yalitengenezwa ishirini na mawili tu, kiwanda kikafa. Yanayojulikana yalipo ni kumi na tisa. Likitokea moja, watu wazima wanagombana kama watoto. Hili limeuzwa dola elfu arobaini."

Adrian nusura amwagie mzungu chai gotini. Mtu mwenye moyo angekimbia nyumbani siku ileile na kumwambia mzee: baba, Jumamosi zako zote hukuwa mjinga. Adrian alimeza habari ile pamoja na mate yake. Wiki iliyofuata alipiga picha ya Chura kwa siri, akamtumia Ursi, na tangu siku hiyo barua zikawa zinakuja kwenye sanduku la posta la Karatu, zote kwa jina la Adrian.

Sasa sikieni maajabu. Gari halikusogea hata inchi moja. Halikutiwa hata tone la petroli. Panya walizaliana kwenye kiti cha kushoto. Na bei inapanda. Mwaka elfu mbili na moja Ursi akaandika elfu sabini. Mwaka uliofuata, elfu mia moja na kumi. Alieleza kwamba wavulana waliobandika picha ya gari lile ukutani zamani sasa wamekuwa wazee wenye mabenki yao, na kila mmoja anataka kufa akiwa nalo. Adrian akaona kumbe kukaa kimya kunalipa kuliko kuendesha. Akamwacha Chura anenepe kama fahali wa sikukuu, huku yeye akiota kampuni yake mwenyewe, Landi Kruza tatu, jina lake limeandikwa kwenye kila mlango. Kwa baba yake alikuwa na wimbo mmoja: "Baba, hilo ni chuma chakavu, linakujazia banda. Siku moja nitakusaidia kulitoa."

Mzee aligeuza uso tu upande wa banda.

Aliyeharibu mipango alikuwa Lusia, dada yake Adrian, aliyeachwa na mumewe na kurudi kumtunza baba. Juni ya mwaka elfu mbili na tatu Lusia aliuza mtamba wake mmoja, mnyama pekee aliyekuwa naye, akaweka pesa kwenye kopo la maziwa ya unga. Daktari akatoa tarehe: mwisho wa Agosti. Adrian aliposikia, alimshukuru dada yake kwa maneno mazuri sana, kisha akaenda mjini kumpigia Ursi simu.

"Uje kabla ya mwisho wa Agosti," akamwambia.

"Nakuja," Ursi akasema, na pumzi yake ikasikika imebadilika. "Mwezi uliopita limeuzwa moja, dola elfu mia moja na themanini. Nakupa hiyohiyo. Ila nisikilize. Lisiguswe. Usilioshe, usilipake rangi, hata vumbi liache. Na namba ya chesisi nitaisoma kwa macho yangu. Hiyo namba ndiyo gari. Mengine ni mabati."

Basi Adrian akapanda Oldeani kumkanya mzee. Alimkuta juani, mikono juu ya fimbo. Kusema ukweli hakuweza, akatafuta uongo wa karibu. Akasema kuna genge limetoka Arusha, linang'oa vioo na taa za magari, halichagui.

"Nani aibe Chura?" mzee akauliza. "Wewe mwenyewe umesema ni chuma chakavu."

"Siku hizi wanaiba hata hicho, baba. Funga banda. Mtu asiliguse mpaka nirudi na mgeni wangu."

Mzee akaigeuza fimbo mikononi. "Kwani na wewe unalitaka?"

Swali hilo Adrian hakulitegemea, lakini ulimi wake haukuwahi kukosa kazi. "Nalitaka, baba. Kwa kumbukumbu tu. Nikilitazama naona kazi ya mikono yako."

Mzee alishusha kichwa na kutafuta leso mfukoni. Adrian akaona ameshinda. Karatasi hakuitoa siku hiyo. Aliona bora aje nayo pamoja na mnunuzi, gumba na dola vifuatane, Lusia asipate nafasi ya kuuliza maswali. Kesho yake akaondoka na wageni kwenda Serengeti siku kumi, akiendesha huku anapiga mluzi.

Siku ya kumi na moja alipanda Oldeani na Ursi. Mswisi alikuwa na tochi, kioo kidogo chenye mpini cha kuchungulia uvunguni, na mkoba ambao hakuuachia hata gari liliporuka mashimo. Alikuwa amekonda uso kwa hamu. Bahasha ilikuwa kwenye mfuko wa shati la Adrian.

Mzee Bartolomeo alikuwa anawasubiri mlangoni mwa banda, amevaa koti la kanisani. Alinyoosha mkono hewani mpaka ukalikuta bega la mwanawe.

"Umerudi. Nimekuwekea kitu," akasema, na meno yake machache yote yalikuwa nje. "Funua."

Adrian akavuta turubai.

Kioo cha mbele kilikuwa na maandishi meupe, yamechongwa ndani ya kioo chenyewe, marefu kama kidole: MALI YA ADRIAN B. MARGWE. Kioo cha mlango wa kulia, hivyo hivyo. Cha kushoto, hivyo hivyo. Kioo cha nyuma. Vioo vya pembeni. Taa za mbele, mduara mzima umezungushiwa maandishi. Taa ndogo za nyuma. Kila kitu ambacho mwizi angeweza kung'oa kilikuwa na jina.

Msishangae. Karatu nzima hakuna gari lisilochongwa namba kwenye vioo na taa. Hata gari alilokuwa akiendesha Adrian lilichongwa na fundi huyohuyo, Clemensi, anayezunguka na mashine yake na jenereta kwenye toroli. Ukiwa na gari unaliogopea wezi, unamwita Clemensi, na mwenye akili zake hajiulizi mara mbili.

"Clemensi aliniuliza namba ya gari," mzee alikuwa anaeleza. "Nikamwambia namba zilirudi serikalini zamani. Akasema basi niandike nini? Nikamwambia andika jina la mwenye mali. Ni lako. Sikungoja nife. Uliposema unalitaka, nilisema basi, yameisha."

Adrian akalisugua lile jina kwenye kioo cha mbele kwa mkono wa shati.

Ursi alifungua boneti, akawasha tochi, akaingiza kichwa na kile kioo chake kidogo. Alikaa huko muda mrefu. Alipotoka uso wake ulikuwa mweupe kama unga.

"Namba iko wapi?" akauliza.

"Ile ya kizungu?" mzee akajibu kwa furaha, kama fundi anayesifiwa kazi. "Ilikuwa imeliwa na kutu, haina maana tena. Nilimwambia Clemensi aisage yote, chuma kiwe laini, kisha agonge jina kwa mihuri ya chuma. Mwizi anaweza kuvunja kioo. Chesisi ataifanya nini? Pitisha kidole, Adrian, uone ilivyotulia."

Adrian hakupitisha kidole.

"Pesa ya Clemensi ulipata wapi?" akauliza, maana kitu fulani lazima akiulize.

Aliyejibu ni Lusia, kutoka mlangoni. "Ya macho. Kopo lote. Nilimkatalia mpaka nikalia. Akaniambia macho ya mzee yana kazi gani tena, gari la kijana likiibiwa tutamwambia nini."

Ursi alifunga mkoba wake, akaufungua tena. Alikuwa mtu wa biashara, na huzuni yake ilikwisha upesi. "Kwa vipuri," akamwambia Adrian. "Injini, usukani, magurudumu. Elfu saba. Leo hii, taslimu. Sipandi hata dola moja."

Na Adrian, hapo alipo, mbele ya jina lake mwenyewe mara kumi, akaona elfu saba ni elfu saba. Akaitoa bahasha. "Baba," akasema kwa ile sauti yake ya adabu, "kuna karatasi moja ndogo ya kuweka gumba."

Lakini mzee alikuwa amekunja uso. "Elfu saba za nini?"

"Dola," Ursi akasema.

"Dola elfu saba kwa chuma chakavu?"

Ursi akamtazama mzee, akamtazama Adrian, akaelewa. Angeweza kunyamaza. Hakuona sababu. "Mzee, nani alikwambia chakavu? Wiki mbili zilizopita ningekupa dola elfu mia moja na themanini. Kijana wako anajua. Bei namwandikia mwaka wa nne huu."

Mzee alisimama kama mtu anayesikiliza injini yenye kasoro, kichwa kimelala upande mmoja.

"Lusia," akasema, "hiyo karatasi ya kuweka gumba, isome."

Adrian akairudisha nyuma, lakini dada yake alikuwa amezoea kulima, na vidole vyake vilikuwa na nguvu kuliko vya dereva. Akaisoma kwa sauti: "Mimi, Bartolomeo Margwe, nikiwa na akili timamu, nimemuuzia mwanangu Adrian gari langu bovu kwa shilingi elfu hamsini, na sina madai mengine." Chini yake palikuwa na tarehe. Ilikuwa ya mwaka juzi.

"Mwaka juzi," mzee akarudia. "Ndio nilipoanza kukuomba macho."

"Baba, nisikilize. Kesho asubuhi nakupeleka hospitali. Kesho, naapa. Nitalipa yote."

"Kuna kitu gani unataka nikione?" mzee akamuuliza, na alikuwa anauliza kweli. Kisha akageuka. "Lusia, niletee spana. Ile kubwa, ya thelathini na mbili."

Lusia alijua ilipo. Vifaa vya mzee havikuwahi kuhama mahali pake. Bartolomeo akaipima mkononi, akalifuata gari kwa mkono wa kushoto, boneti, kisha kioo cha mbele. Vidole vikatambaa mpaka vikaikuta herufi ya kwanza, vikasoma jina lote taratibu hadi mwisho. Akarudi nyuma hatua moja na kupiga.

Ursi akapiga kelele kwamba vioo vile havipatikani popote duniani, kwamba elfu saba imekuwa elfu tano, imekuwa elfu nne. Adrian akaanguka magotini kwenye vipande vya kioo, akaushika mguu wa suruali ya baba yake, akalia kwa sauti. Alichokuwa analilia sijui. Labda hata yeye hakujua. Mzee aliuvuta mguu wake polepole, kama mtu anayejinasua kwenye miiba, akaendelea na mlango wa kulia, kisha wa kushoto, kisha nyuma. Kila mara alisoma kwanza.

Alipomaliza vioo, alifuta jasho kwa leso na kuuliza taa zimebaki ngapi.

"Mbili mbele, baba," Lusia akasema, "na ndogo mbili nyuma."

Akamshika mkono na kumpeleka.