Vibubu vya Kidomo

Kasheshe yote ililetwa na neno. Kile kidude cha mpira kinachobanwa kwenye daraja linaloinua nyuzi za fidla, au za selo, ile fidla kubwa ya kupigwa umekaa, ili sauti ibadilike, wapigaji wa bendi ile ya nyuzi walikiita kibubu. Basi Kidomo, mpiga selo ambaye jina hilo hakulipata kwa ukimya, alipotunga kipande chake cha kwanza na kuandika katikati yake "Vibubu hapa!", wapiga fidla walifika pale, wakashusha pinde, wakatulia kama wageni wanaosubiri chai.

"Mbona mmekauka?" Kidomo akauliza.

"Si umetuambia tuwe bubu?"

Kidomo alicheka mpaka machozi. Asiyecheka ni mwongozaji, mume wa dada yake mkubwa.

"Unaona? Wapigaji wenyewe hawaelewi, sembuse watu wa viti vya nyuma! Kesho ndiyo onyesho, shemeji. Hapo katikati vueni vibubu, tupige kwa sauti ya kueleweka. La sivyo kipande nakitoa."

"Ya kueleweka ndiyo ipi, shemeji? Ya mnadani?"

"Ya kusikika."

Kidomo akatelezesha kibubu chake hadi kikakaa sawasawa, akausogeza upinde karibu kabisa na daraja, akautetemesha kwa nguvu, wala si kwa kubembeleza. Ukatoka mnong'ono wenye makucha, kama watu wanaosengenya nyuma ya mlango uliofungwa. Akadonoa nyuzi kwa kidole: pu, pu, matone juu ya nguo mbichi. Akageuza upinde, akagonga nyuzi kwa mti wake badala ya nywele zake za kukwaruzia, ikawa kama mtu anayehesabu makosa ya mwenzake kwa ukucha mezani.

"Kibubu hakisemi nyamaza," akasema. "Kinasema ongea kwa koo lingine. Ukikivua inabaki kelele, na kelele unazo za kutosha nyumbani. Muulize dada."

Mpiga besi, pande la mtu, akajifanya anakohoa.

"Nimeshasema," akajibu shemeji.

Asichojua shemeji ni kwamba pale katikati ndipo palipokuwa na kipande chenyewe. Kwingine kote ni kupiga hodi tu. Ndoa ya Kidomo ilipovunjika, alihifadhiwa kwa dada yake, kwenye chumba cha uani. Kila jioni mazungumzo ya mume na mke yalipenya ukutani: ataondoka lini, anakula kama nani, huko alikotoka alifukuzwa kwa lipi. Asubuhi wote walimsalimia kwa tabasamu, naye akatabasamu, akameza. Sasa alikuwa ameyatapika yote kwenye noti za muziki, na shemeji alitaka ayapanguse.

Kesho yake mchana ukumbi ulijaa. Zamu ya kipande chake ilipofika, shemeji aliwanong'oneza wapigaji, "Hakuna vibubu." Kidomo akainuka, akapita kwenye stendi za noti, moja hadi nyingine, akikusanya karatasi zake.

"Unafanya nini wewe?"

"Ulisema utakitoa. Nimekupunguzia kazi."

Akavuta kiti chake mbele ya wote, akakaa, akabana kibubu. Shemeji akabaki na kijiti chake cha kuongozea hewani kama mtu anayefukuza nzi.

Kidomo akaanza palepale katikati. Hodi hakupiga. Upinde ukatetemeka darajani, kidole kikadonoa, mti ukagonga. Huko nyuma watu wakaanza kunyoosha shingo.

"Hatusikii huku!" Sauti ya dada yake.

Shemeji akamtupia jicho la "nilikuambia." Kidomo hakukaza mkono wala hakukigusa kibubu.

"Mimi niliwasikia vizuri tu, dada," akasema bila kusimamisha upinde. "Tena kupitia ukutani. Sogea!"

Kijiti kikashuka. Kwa muda ilisikika selo peke yake, ikisengenya. Kisha kiti kimoja kikaburuzwa sakafuni, kikafuata cha pili, na safu nzima ya nyuma ikaanza kuja mbele.