Chungu cha Mama Mukwe

Papa Emile wa mtaa wa Kataki aliuza barafu, na hiyo barafu ilikuwa imempanda kichwani. Wavuvi walipita kwenye depo yake kabla ya kuingia ziwani, akina mama wauza samaki wakamfuata baadaye, na wote walimwita Papa Glasi, yaani Baba Barafu, jina alilolipenda kuliko lile la ubatizo. Ukimuuliza habari ya kitu chochote kinachooza, alikujibu kama padri anayejibu habari ya dhambi. Nyama, samaki, maziwa, vyote dawa yake ni moja: gandisha, kitakaa. Mtu wa namna hiyo humfundishi kitu. Unamwachia ulimwengu, na ulimwengu haubembelezi mtu.

Mtoto wake wa pekee aliitwa Chancelle. Alikuwa msichana mwembamba wa shule ya msingi, mwenye maneno machache, na alikuwa na ugonjwa wa sukari, ule unaowashika watoto na hauwaachi. Kila asubuhi na kila jioni lazima achomwe insulini. Bila hiyo dawa mtoto anakauka, anakunywa maji kama mchanga, mwisho analala usingizi ambao wengine hawaamki. Mama yake, Syntiche, alikuwa amekufa siku nyingi. Walibaki wawili nyumbani, na mtu wao wa tatu alikaa ng'ambo ya mto Lukuga: Mama Pétronille, mama mzazi wa marehemu, mfinyanzi wa vyungu.

Sasa, kwa watu wa hapa, mwanaume na mama mukwe wake hawatazamani usoni. Wakikutana njiani, mmoja anaingia majanini. Hawali pamoja, hawatajani majina, na kama kuna neno la lazima, linapita kwa mtu wa katikati. Tangu Syntiche afe, mtu wa katikati alikuwa Chancelle. Papa Emile anakaa uani amegeuka, Mama Pétronille anasimama nje ya uzio amejitanda kitenge, na mtoto anakwenda na kurudi kati ya papa na nkambo, bibi yake. Mwambie nkambo yako asante kwa mihogo. Mwambie papa yako paa linavuja upande wa jiko. Hivyo ndivyo walivyolea mtoto, na hawakuwahi kukosana hata siku moja, maana ni vigumu kumtukana mtu kwa kinywa cha mjukuu wake.

Dokta Henriette ndiye aliyeleta utafiti. Yeye ni daktari wa watoto pale hospitali, mama mfupi asiyepaza sauti. Shida aliyotaka kuitafutia jibu inajulikana: insulini haipendi joto, na nyumba nyingi hazina frigo, na hata yenye frigo umeme unakuja ukipenda. Akawakusanya wazazi wa watoto wenye sukari akawaeleza. Watoto wangepigiwa kura. Wengine dawa yao ingekaa kwenye frigo ya kituo cha afya na wangekwenda kuchomwa huko, kama zamani. Wengine wangepewa chungu kidogo kilichowekwa ndani ya chungu kikubwa, katikati mchanga uliolowa maji, dawa ikae humo nyumbani kwao. Halafu hospitali ingepima damu za makundi yote mawili na kuona kama chungu kinalinda dawa sawa na frigo. Kikiweza, alisema, mutoto wa kijiji cha mbali kama Niemba atabaki Niemba na mama yake.

Alisema na jambo lingine, polepole, kwa Kiswahili na kwa Kifaransa: dawa isipate joto, na isigande. Papa Emile aliyasikia yote mawili, lakini lile la pili liliingia sikio hili likatokea lile. Mtu aliyeishi kwa kugandisha, umwambie kugandisha kunaharibu!

Kura ikampa Chancelle chungu. Na vile vyungu nani aliviumba? Mama Pétronille, kwa udongo wa ukingo wa Lukuga. Hospitali ilikuwa imemtafuta yeye kwa sababu vyungu vyake havipasuki.

Hapo ndipo haya zilipomwanza Papa Emile, haya za kijinga. Kwanza, chungu kilitakiwa kukaa mahali penye baridi kuliko pote nyumbani, na pa kwake palikuwa chini ya kitanda. Kazi ya mikono ya mama mukwe chini ya kitanda chake! Pili, wavuvi walipata habari, na wavuvi hawana huruma. Papa Glasi, walimwambia, muuza barafu anaficha dawa kwa chungu kama bibi wa milimani Marungu? Wakacheka mpaka wakashika mbavu. Yeye akacheka nao, lakini moyoni aliungua.

Basi akachukua kichupa cha insulini, akakifunga kwa plastiki, akakilaza depo, chini kabisa, katikati ya barafu. Chancelle akawa anapita pale kabla ya shule na jioni. Papa anakitoa kichupa, anakipasha kwenye kiganja mpaka dawa iyeyuke, anamchoma. Mara ya kwanza aliona uchafu mweupe unaelea ndani. Akatikisa, ukapotea, akajiambia ni barafu tu. Infirmier wa utafiti, muuguzi Papa Didier, alikuwa muungwana, hawezi kumwingilia mtu nyumbani bila kupiga simu. Simu ikilia, Papa Emile anakimbiza kichupa kwenye chungu na kumwagia mchanga maji. Papa Didier anafika, anagusa mchanga, umelowa, anasoma kipimo cha joto, ni kizuri, anaondoka ameridhika.

Mtoto aliyaona yote. Siku moja aliuliza kwa sauti ndogo, nkambo akiuliza habari ya chungu aseme nini. Baba yake akamjibu amwambie kinafanya kazi vizuri sana. Chancelle akavuka Lukuga akapeleka neno hilo, kama alivyopeleka yote. Mama Pétronille alifurahi bikizee wa watu! Sokoni kila aliyesimama mbele yake aliambiwa kwamba Syntiche amekufa, lakini mikono ya mama yake ndiyo inayomlinda mwanae.

Sukari ikaanza kupanda. Papa Didier akaongeza dawa kidogo, akaongeza tena, sukari haisikii. Mtoto akakonda, akawa anaomba kutoka darasani kila saa kwenda kukojoa. Papa Emile alipoona hivyo alifanya nini? Alizidisha barafu. Halafu asubuhi moja mwalimu akampigia simu, Chancelle ameanguka na hajibu akiitwa.

Alikaa hospitalini amelala, mirija mkononi, anapumua kwa nguvu kama aliyepanda mlima, na pumzi yake inanuka tunda lililooza. Papa Emile alisimama ukutani. Aliomba Mungu, na Bikira Maria, na Syntiche pia. Wakamtilia maji na insulini mpya ya hospitali, na polepole mtoto akarudi, akafungua macho, akaomba uji. Baba yake alitoka nje akalia nyuma ya maternité, jengo la kujifungulia, ambako hakuna aliyemjua.

Dokta Henriette akamwita bironi, ofisini kwake. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lilikuwa baya zaidi. Alimweleza kwamba wamechunguza kichupa alichokuja nacho, kilichokuwa kinatumika, na dawa iliyomo imekufa. Sindano ilichomwa sawasawa, kipimo cha dawa kiliongezwa mara mbili, kwa hiyo kasoro iko pale dawa ilipolala. Kisha akamuuliza, akimtazama machoni.

"Papa Emile, hii dawa ilikuwa inalala wapi?"

Mlango ulikuwa wazi, kweli ilikuwa hapo mbele yake, hatua moja tu. Aliwaona wavuvi. Aliwaona wanacheka, tena safari hii wana haki.

"Ndani ya chungu, dokta," alisema. "Siku zote ndani ya chungu."

Daktari akainamisha kichwa. Akasema basi ni kosa lake yeye, ameweka watoto kwenye hatari kwa kuamini udongo. Utafiti utasimama. Wazazi wote waliopewa vyungu wataitwa warudishe, na watoto watarudi kuchomwa kituoni, na wa mbali itabidi wahamie mjini. Mwenye ndugu mjini ana bahati, aliongeza. Papa Emile akatoa asante, akatoka. Hebu fikiria: mama wa watu alijitwika kosa ambalo si lake, na yeye Papa Emile akasema asante.

Wazee walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Papa Emile hakufichuliwa na kifo. Alifichuliwa na mama mukwe wake.

Siku wazazi walipoitwa, Papa Emile alikuwa ameketi kando ya kitanda cha Chancelle akimmenyea ndizi. Mlangoni pakasimama mtu aliyejitanda kitenge. Akajua bila kutazama, akageukia ukuta haraka, kama inavyotakiwa. Alingoja asikie nyayo zikienda upande wa pili wa kitanda. Badala yake alisikia magoti yakigusa sakafu. Mama Pétronille alikuwa amepiga magoti nyuma yake, mama mukwe mbele ya mukwe wake, jambo ambalo hajapata kulisikia tangu azaliwe.

"Chancelle," alisema yule bibi, "mwambie papa yako anisamehe. Macho yangu yamezeeka. Labda kile chungu sikukichoma muzuri kwa moto. Vyote vilivyobakia kwangu nimevipiga na mutwangio, hakuna mutoto mwingine nitamuumiza."

Chancelle hakulipeleka lile neno. Hakukuwa na haja, lilikuwa limefika. Alimtazama baba yake mgongoni, akangoja.

Ndizi ilimwanguka Papa Emile mkononi. Amepigwa na mengi maishani, amemzika mke, ameibiwa mashine ya barafu, lakini kitu kama kile hakuwa amekionja. Aliona vile vyungu vimevunjika uani, na yule bikizee ameshika mchi, anavunja jina lake mwenyewe, chungu kimoja kimoja. Haya zilimpanda toka miguuni mpaka masikio yakawaka moto. Hazikuwa zile za wavuvi. Zile zilikuwa mchezo.

"Chancelle," alisema kwa ukuta, "mwambie nkambo yako chungu chake ni kizima. Mwambie dawa haikulala mule. Ililala kwa barafu, depo. Barafu njo iliiua."

Mtoto akakaa sawa kitandani, na mirija yake mkononi, na akageukia upande wa bibi yake kama alivyozoea.

"Nkambo," alisema, "papa anasema chungu chako ni kizima. Anasema dawa ililala kwa barafu. Ni siye wawili. Mimi pia nilijua, nilikudanganya."

Hilo la mwisho Papa Emile hakulituma. Mtoto aliyenusurika kufa kwa ukaidi wa baba yake alikuwa amebeba nusu ya mzigo, kimya kimya, kama anavyobeba ndoo ya maji. Hapo ukwe ukamshinda. Aligeuka. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake alimwona mama mukwe wake uso kwa uso: uso mdogo, mkavu, wenye macho ya Syntiche.

"Mama," alisema, "mutoto hana kosa. Ni mimi peke yangu. Na dokta nimemudanganya."

Bibi alijifunika uso upesi kwa kitenge, akainuka kwa kushika chuma cha kitanda. Kisha akasema na mjukuu wake, pole pole, kama siku zote.

"Chancelle, mwambie papa yako mukwe hasemi na mama mukwe uso kwa uso. Mimi sikusikia kitu. Iko watu inje wanarudisha vyungu. Aende kuwaambia hao."

Chancelle akamwambia. Neno kwa neno, hakupunguza kitu.

Papa Emile akatoka. Barazani, mbele ya biro ya Dokta Henriette, wazazi walikuwa wamepanga mstari, vyungu vyao kwenye mabeseni, mchanga bado umelowa kwa sababu walikuwa watu wa kutii. Wa mbele alikuwa Mama Claudine, aliyetoka Niemba na mwanae Jordan. Yeye hakuwa na ndugu mjini. Alikuwa ameuliza kila mtu pale kama anajua nyumba inayoweza kumlaza mtoto mgonjwa, na bado hakuwa ameipata.

Papa Emile alisimama mbele yao, mikono haina pa kukaa. Akasema kwa sauti ambayo wa nyuma hawakusikia, wakamwomba arudie, na kurudia kulikuwa kugumu kuliko kusema. Chungu hakina kosa. Dawa ya Chancelle aliigandisha yeye, kwenye barafu yake, na akaficha. Dokta Henriette alikuwa amesimama mlangoni. Akawaambia wazazi kwamba wasirudishe kitu kwanza.

Mama Claudine hakuondoka. Alitaka kuelewa.

"Sasa, papa," aliuliza, "barafu njo kazi yako, chungu ulipewa bure, hospitali ilikushika mukono. Ulificha sababu ya nini?"

"Niliona haya, mama."

"Haya ya nini?"

"Ya chungu," alisema Papa Emile.

Mama Claudine akakitazama chungu kilichokuwa miguuni pake. Akainama, akakipandisha kichwani na beseni lake, akamshika Jordan mkono, akashika njia ya Niemba bila kumuaga.