Mtoto Asiyesumbua

Kila aliyekuja kumwona mtoto alisifia upole wake.

"Huyu hana makuu," mama mkwe aliwaambia wageni. "Baba yake alitukeshesha mwezi mzima."

Mama wa mtoto, msusi wa nywele, alitabasamu kuwaridhisha, lakini roho yake ilikuwa juu juu. Mwanawe, ambaye hata wiki mbili hajatimiza, alilala asubuhi hadi adhuhuri bila kudai chochote. Akiwekwa titini hunyonya kidogo, kisha husinzia. Nepi zilikaa kavu.

"Mama, nataka kumpeleka kliniki."

"Kwa lipi, mwanangu? Angekuwa na njaa si angelia?"

Msusi hakubishana. Alimfunga mtoto kifuani, akaaga kwamba anakwenda kununua sabuni. Njiani kila mara aliingiza kidole ndani ya kitambaa kuhakikisha anapumua.

Nesi wa unyonyeshaji, mwanamke mnene mwenye sauti ya chini, alimweka mtoto kwenye mizani, akamtoa, akamweka tena.

"Amepungua tangu azaliwe, dada. Sasa angekuwa ameurudia uzito wake."

"Maziwa yangu hayatoshi?"

"Bado sijui. Mtoto akiishiwa nguvu halii, analala tu. Kwa hiyo hatumngojei aombe."

Akamvua nguo, akamlaza kifuani kwa mama yake ngozi kwa ngozi, akamsugua nyayo.

"Ngoja apanue mdomo. Asishike chuchu peke yake, na hii sehemu nyeusi iingie mdomoni."

Mtoto aliteleza. Akashika, akasinzia. Wakaanza upya, na safari hii kidevu kikazama titini.

"Sikiliza," nesi alisema.

Msusi akausikia mlio mdogo wa kumeza. Kisha mwingine.

"Hivyo hivyo. Mwamshe kila baada ya saa mbili tatu, mchana na usiku. Akichoka, kamua umpe kwa kikombe. Sasa daktari amwangalie, na kesho kutwa nikuone."

Daktari hakuona ugonjwa. Nyumbani, msusi alieleza yote, hata uongo wa sabuni. Mama mkwe alikaa chini taratibu.

"Na mimi ndiye niliyesema aachwe alale," alisema, kisha akaenda kuchemsha kikombe.

Walipokezana kumwamsha. Mtoto alinuna, akapiga mateke, akanyonya. Nepi zikaanza kulowa, ingawa msusi hakuthubutu kushangilia.

Kesho kutwa yake walikwenda wote. Nesi aliinamia mizani.

"Ameongezeka. Kidogo, lakini ameongezeka."

Msusi akakaa kwenye benchi.

"Nikimkanda mgongo, maziwa yatazidi?" mama mkwe aliuliza.

"Mkande, mama. Lakini zaidi mpikie, apate kulala."

"Haya. Na turudi lini?"

"Ijumaa."

"Ijumaa mbali," alisema msusi.

Nesi alimtazama usoni. "Basi njoo Alhamisi."