Uso wa Kwanza

Mama yangu alikuwa na ombi moja tu. Jicho lake la kushoto lilikufa zamani, na la kulia lilikuwa limeingiwa na mtoto wa jicho mpaka akawa ananitambua kwa kikohozi na harufu ya mbao. Jana walimfanyia upasuaji. Kabla hawajamwingiza alinishika mkono, akaniambia, "Kesho wakinifungua bandeji, uso wa kwanza kuuona uwe wako. Nataka nione umezeekaje." Nikamwapia kwamba nitakuwepo.

Leo asubuhi muuguzi akanipigia: daktari atamfungua mapema, kabla ya kuanza kuwapasua wengine. Nikavaa shati safi, nikaingia stoo kuchukua mkongojo wa mama. Upepo ukausukuma mlango, ukajifunga. Nikashika kitasa, kitasa kikabaki mkononi.

Mimi ni fundi seremala. Mlango ule niliutengeneza mwenyewe, na nilipoupiga bega mara ya tatu ndipo nilipojua kazi yangu ni nzuri kupita kiasi. Zana zote ziko karakana. Kitasa chenyewe kilikuwa kimelegea siku nyingi, ila kila nilipotaka kukikaza nilianza kwanza kutazama video za watu wanaokaza vitasa.

Nikaita. Lakini nyumbani kwetu siku hizi hatuitani kwa mdomo, maana mama watoto alipiga marufuku makelele. Kila jambo linaandikwa kwenye kundi la familia. Chakula kikiiva tunaarifiwa kwenye kundi. Mtu akitaka chumvi, naye amekaa meza hiyo hiyo, anaandika. Masikio hayana kazi tena, kwa hiyo kila mmoja ameyaziba kwa vidude vyake vya muziki. Nilipasua koo mpaka panya wa stoo akahama, na hakuna aliyeitika.

Nikampigia mama watoto. Alikuwa sebuleni, nyuma ya ukuta huo huo, akihudhuria semina ya mtandaoni kuhusu kuboresha mawasiliano ndani ya ndoa. Akakata, ukaja ujumbe: "Samahani, niko kwenye kikao. Nitakutafuta." Nikampigia binti yangu. Naye akaandika, "Baba, nani anapiga simu siku hizi? Andika tu." Kaka yake hakupokea kabisa. Nilimsikia chumbani kwake akipigana vita vya mtandaoni na watu asiowajua, na kwa kelele zake alikuwa anashindwa.

Basi nikaandika kwenye kundi: "Nimefungiwa stoo. Njooni mnifungulie. Bibi ananisubiri hospitali." Mwishoni nikabandika kile kisura chenye machozi, ili waelewe kwamba hali ni mbaya.

Majibu yakamiminika. Shemeji yangu, anayelala chumba cha pili kutoka stoo, aliweka kidole gumba. Mdogo wangu aliye ng'ambo akaandika, "Pole sana kaka, tuko pamoja kwenye maombi." Shangazi akaandika, "Amina." Nikapiga picha kuwathibitishia, mimi na kitasa changu mkononi. Haukupita muda picha hiyo ikanirudia imekatwa vizuri, nimewekewa taji kichwani, na chini pameandikwa "Mfalme wa Stoo". Ilikuwa kazi ya mwanangu, ambaye kumbe alikuwa amepata nafasi katikati ya vita. Kisha binti akaanzisha kura: nani akamfungulie baba? Kaka yake alishinda kwa kishindo. Hakutokea kuapishwa.

Damu ilinichemka. Niliwatukana wote mmoja mmoja, kwa sauti, na kwa mara ya kwanza nilifurahi kwamba hawanisikii.

Simu ikalia. Muuguzi.

"Mzee, daktari ameshafika, lakini mama amegoma. Anasema haguswi mpaka mwanawe awe mbele yake. Na daktari hawezi kusubiri sana. Uko wapi?"

"Niko njiani, dada," nikasema, nimekaa juu ya ndoo ya rangi.

Moyo ukaniuma kweli. Nilimwona mama amekaa gizani, akimzuia daktari mzima kwa ajili yangu. Nikafungua tena kundi kuona kama kuna aliyeguswa, kidole kikateleza, na nikajikuta natazama jamaa anayeunda kiti bila msumari hata mmoja. Anajua kazi yule bwana. Nilimtazama mpaka akamaliza miguu yote minne.

Nilipoinua kichwa ndipo nikakiona. Juu ya rafu, kati ya makopo ya rangi, kisanduku cha intaneti kilikuwa kinapepesa vitaa vyake vya kijani, kimetulia kama mwenye nyumba. Nikanyanyuka, nikachomoa waya.

Nyumba ilinyamaza. Halafu milango ikafunguliwa, mmoja baada ya mwingine, na miguu ikaja mbio kama watu wanaokimbia moto. Kitasa cha nje kikazungushwa mara moja, mlango ukafunguka bila shida yoyote. Mwanangu akanipita, akaenda moja kwa moja kwenye kisanduku.

"Nani amechomoa?" akang'aka. Kisha akanigundua. "Ah, baba! Kumbe kweli uko humu?"

"Nimeandika, nimepiga picha, mmenipigia na kura!"

"Tulijua unatania, baba," binti akasema. "Si uliweka kile cha kucheka?"

"Kina machozi!"

"Ndiyo, baba. Ya kucheka."

Mama watoto alikuja wa mwisho, vidude bado masikioni. "Baba watoto, semina imenikatikia ndiyo kwanza tumefika kwenye kusikilizana," akalalamika.

Nilichukua mkongojo, nikatoka mbio. Njia nzima nilikuwa nawasema kichwani. Watu wamekuwa watumwa, nikasema. Wana macho na hawaoni. Mimi nikirudi kisanduku kile nitakipigilia msumari kwenye ubao.

Mlangoni mwa wodi simu ikatetemeka. Mtandao ulikuwa umerudi nyumbani, na kundi lilikuwa limechangamka. "Baba, turushie moja kwa moja! Tunataka kumwona bibi akifunguliwa!" Mdogo wangu wa ng'ambo alikuwa ameshakaa mkao wa kusubiri. Nikaona si vibaya. Ni jambo la familia, na familia iko mbali.

Mama alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, mikono mapajani, uso ameuelekeza mlangoni. Nikakohoa. Akatabasamu.

"Umekuja."

"Nimekuja, mama."

"Kaa hapa mbele yangu. Karibu zaidi. Daktari, sasa fungua."

Nikakaa, magoti yetu yakagusana. Muuguzi akavuta pazia ili mwanga usimchome. Simu ikatetemeka tena: "Baba hatuoni vizuri, inua kidogo!" Nikainua kidogo. "Bado kidogo!" Nikainua mpaka mama akaenea vizuri kwenye kioo, huku daktari akibandua taratibu plasta ya mwisho.

Jicho lake likafunguka. Likapepesa. Lilikuwa safi, jeusi, na lilikuwa linatafuta. Nililiona vizuri sana kwenye kioo, na mioyo myekundu ilikuwa inapanda juu yake.

Mama alitazama kilichokuwa mbele yake. Kisha akanyoosha mkono polepole, vidole vikagusa mgongo wa simu yangu, vikazipapasa kamera zake tatu.

"Mwanangu," akasema kwa sauti ya kuniogopea, "mbona una macho matatu?"

Nyumbani walicheka sana. Najua, kwa sababu zilishuka nyingi mno, zile sura zenye machozi.