Kochi la Erasto na Mchezo wa Rede

Usiku wa kuamkia leo nimeota kochi linanikataza kwenda chooni bila kusindikizwa.

Kochi lenyewe nalifahamu vizuri. Lina rangi ya chai ya maziwa na mikono minene, na mwanangu Erasto aliniletea hapa Njombe mwezi uliopita, akicheka kama mtu aliyeniletea ng'ombe. "Mama, umehangaika sana na sisi. Sasa kaa." Nikashukuru, maana zawadi ni zawadi.

Lakini juzi nikakuta raba zangu hazipo mlangoni. Kumbe Erasto amezipandisha juu ya kabati, mahali mkono wangu haufiki. Tena amempigia simu mwenyekiti wa kikundi chetu cha rede, bila kuniuliza, kumwambia kwamba Jumamosi ya leo, siku tunayocheza na kina mama wa Makambako, mimi sichezi. Nitakuwa mlezi wa timu. Nitakaa chini ya turubai na skafu shingoni, nipunge mkono.

Mimi, Sigrada! Hakuna anayejaza chupa haraka kama mimi katika kikundi kizima, na kina mama wa Makambako wanalijua hilo. Kama mtu hajawahi kucheza rede, mchezo ni huu: wawili wanarusha mpira wa soksi kutoka pande mbili, walio katikati wanakwepa huku wakijaza chupa mchanga. Ukiguswa na mpira, umetoka. Chupa ikijaa, mmeshinda. Kwetu sisi watu wazima tumeongeza sheria moja tu, kwamba ukiudaka mpira, zamu ya kurusha ni yako. Kila Jumamosi asubuhi tunacheza nyuma ya kanisa, tunapigana vikumbo, tunacheka mpaka mbavu zinauma. Wiki nzima naisubiri siku hiyo. Sasa naambiwa nipunge mkono.

Basi nalala na hasira zangu. Ndotoni naamka, natafuta kandambili gizani, na kochi linakohoa.

"Mama, unakwenda wapi?"

"Chooni."

"Na nani?"

"Na miguu yangu."

Kochi linatikisa kichwa. Sikujua kama lina kichwa, lakini linacho, na limekivalisha kitambaa nilichofuma mwenyewe. "Miguu haijaaga," linasema.

"Miguu yangu imuage nani?"

"Erasto."

Sijawahi kutukanwa na fanicha, lakini hapo naona nimetukanwa. Nalipita bila kuaga. Nafungua mlango wa choo, na ndani ni uwanja wetu wa rede, udongo mwekundu, ukungu wa asubuhi. Turubai limefungwa pembeni. Watu wamekaa kwenye viti vya plastiki, kimya, wameshika mikoba mapajani. Kiti cha mbele kabisa ni kochi. Limefika kabla yangu.

Kipaza sauti kinasimama chenyewe, kinajipigapiga kifuani, kinaanza.

"Mama Erasto alizaliwa Lupembe. Alikuwa mpishi hodari wa shule ya bweni, mcha Mungu, mwenye upendo kwa wote. Enzi za uhai wake wa michezo alipenda sana rede."

"Alipenda?" nauliza. "Kwani nimekufa?"

"Hujafa, mama. Umekuwa mlezi," kinajibu kwa upole. "Maneno yanayotumika ni yale yale. Tafadhali usikatize, ratiba imebana."

Watu wanatikisa vichwa kwa masikitiko. Mmoja anafuta machozi, na namwona vizuri kabisa kuwa ni yule mama anayeniuzia vitunguu. Naye amekubali! Napandwa na hasira mpaka masikio yanawaka moto.

"Sigrada!" ananiita jirani yangu Ezelina kutoka katikati ya uwanja. Amefunga kanga kiunoni, ameinama juu ya chupa, mikono imejaa vumbi. "Acha kubishana na vyombo, njoo, tumeshaanza!"

Nakimbia. Peku. Ardhi ni baridi na tamu, na magoti hayasemi kitu.

Wanaorusha ni Erasto upande mmoja, na tai shingoni, na kochi upande wa pili. Sijui kochi linarushaje mpira. Linarusha vizuri.

Mpira unakuja polepole, na unasema. "Samahani, mama, ni kwa faida yako." Unamgusa Ezelina begani.

"Ametoka," kinatangaza kipaza sauti.

Kutoka kwenyewe ndiko huku: Ezelina hayupo. Kanga yake imebaki imesimama kidogo, halafu inaanguka. "Mama Ezelina yuko sebuleni kwake," kipaza sauti kinaendelea. "Amefunikwa blanketi. Anaangalia tamthilia asiyoipenda."

"Mrudisheni!" napiga kelele.

"Ameshawekewa mto mgongoni," kinajibu, kana kwamba hapo hakuna rufaa.

Mpira unarudi. "Jua kali, mama." Mama Tulizo ametoka. "Utapata baridi, mama." Mwenyekiti mwenyewe ametoka, yule yule aliyepokea ile simu, na amewekwa kibarazani kwake, amegeuziwa ukutani ili upepo usimpige. Kanga zinadondoka uwanjani moja moja, mpaka nabaki peke yangu na chupa.

Nawageukia wale walio chini ya turubai. "Nani kawaambia tumechoka? Nani kati yetu alilalamika? Nilipokuwa naamka alfajiri kupika uji wa shule nzima, mbona hakuna aliyeniletea kochi? Nilipobeba kuni, mbona hakuna aliyesema utaanguka? Leo nimepata muda wa kucheza, ndio mnaniona mgonjwa!"

Wanapiga makofi. Kisha wanarudia kushika mikoba.

"Hotuba nzuri ya mlezi," kinasema kipaza sauti.

Nataka kulia. Nasema kweli, natamani kukaa chini na kulia, lakini chupa inanivuta kidole. "Mama, umesimama," inasema. "Mimi nina njaa. Nimefika nusu."

Nainama, nachota mchanga kwa mikono miwili. Mpira unakuja. "Utaanguka, mama." Nauruka. Unarudi kutoka kwa kochi. "Utavunjika nyonga." Nainama, unanipita. Chupa inakula kwa adabu, inasema ahsante kila kiganja. Erasto jasho linamtoka. Analegeza tai.

"Mama, basi!" anasema. "Mimi nakupenda!"

"Najua. Rusha!"

Anarusha kwa nguvu zake zote. Safari hii mpira hausemi kitu, na hapo nagundua kwamba umeishiwa maneno. Naudaka kifuani.

Nautazama. Umeshonwa kwa soksi zangu mwenyewe, zile za sufu ninazovaa baridi ya Juni.

"Wewe ni wangu," nauambia.

"Nilikuwa nangoja uniambie," unajibu.

Kochi linaona mambo yamebadilika, linajifanya kiti cha kawaida. Erasto anageuka kukimbia, na kadiri anavyokimbia anapungua urefu, mpaka ni mtoto wa darasa la pili mwenye tai ya mtu mzima. Anakimbia vile alivyokuwa akikimbia zamani, anachungulia nyuma. Siku zile nilikuwa namkosa makusudi ili asilie. Leo simkosi. Mpira unampata katikati ya mgongo.

"Mama, si haki!" analia.

"Umetoka."

"Erasto ametoka," kinatangaza kipaza sauti, na kwa mara ya kwanza sauti yake inatetemeka. "Yuko jikoni. Anachemsha chai."

Nainama kumalizia chupa, na hapo naamka.

Kumekucha. Nimo kitandani kwangu, nimejifunika mpaka kidevuni. Kochi liko mahali pake pembeni ya dirisha, kimya. Raba ziko juu ya kabati. Ndoto tu, najiambia, na moyo unanishuka, maana saa chache zijazo nitafungwa skafu.

Mlango unagongwa. Erasto anaingia na kikombe cha chai, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi, tayari kunisindikiza turubaini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Umelala salama? Leo siku yako kubwa. Utakaa mbele kabisa." Anaweka chai, anakwenda kunifungulia pazia.

Anaponipa mgongo, naona. Katikati ya lile shati jeupe, kati ya mabega, kuna alama ya duara ya udongo mwekundu. Ukubwa wa mpira wa soksi. Pembeni yake umeganda uzi mmoja wa sufu.

Nakunywa chai kidogo. Ina sukari ya kutosha.

"Erasto."

"Naam, mama."

"Umetoka. Nishushie raba zangu."

Anageuka. Ananitazama, mkono unakwenda wenyewe mgongoni, unagusa pale pale. Mdomo wake unapinda kama wa mtoto wa darasa la pili.

"Mama," anasema, "si haki."

Lakini ameshaanza kuvuta kiti apande kabatini.