Handaki la Kanali

Balz, kanali mstaafu, aliipigia debe kura ya kuliongezea jeshi la Uswisi fedha za kununua ndege za kivita. Nchi isiyoegemea upande wowote, alisema, lazima ijilinde yenyewe. Mpwa wake Seraina, aliyekusudia kumuunga mkono, alishuka naye kwenye handaki la kujikinga na mabomu chini ya nyumba ya kanali, kumtafutia bibi yake, mama wa Balz, nafasi ya kukaa vita vikizuka. Chupa za mvinyo zilijaa hadi kwenye mlango wa zege, hata usiweze kufungika.

“Bibi atakaa wapi, mjomba?”

“Vita vikija tutazihamisha.”

“Tuzihamishe sasa.”

“Wewe nawe, kwani vita vinaanza leo?”

“Na ndege unazozidai, tunazirusha leo?”

“Huko juu kuna joto, mwanangu. Mvinyo utaharibika.”

Seraina alimtazama mtetezi huyo wa taifa, asiyeweza kumwachia mama yake mzazi hata kona, kisha akaenda kupiga kura ya hapana.